Wilberforce: Mbunge ambaye miswada yake ilianguka hadi ikashinda

LAU mbunge angepimwa kwa idadi ya miswada aliyoipitisha kwa jina lake, William Wilberforce angehesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Kwa miaka 18 alisimama katika Bunge la Uingereza akidai biashara ya watumwa ipigwe marufuku, na karibu kila mara alirejea kitini mikono mitupu. Hata sheria ilipopatikana mnamo 1807, si yeye aliyeiwasilisha.

Ni kwa kufuata kumbukumbu za bunge hilo mwaka baada ya mwaka, kura kwa kura, ndipo kazi yake inapoonekana.

Wilberforce alizaliwa Agosti 24, 1759 katika mji wa bandari wa Hull, kaskazini mwa Uingereza. Babake, mfanyabiashara tajiri, alifariki mwanawe akiwa bado mtoto. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge alifahamiana na William Pitt, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mnamo 1780, akiwa na umri wa miaka 21, Wilberforce alichaguliwa mbunge wa Hull. Miaka minne baadaye alipata kiti cha Yorkshire, eneo kubwa lililompa sauti nzito bungeni.

Hapo awali alikuwa kijana wa anasa, mpenda karamu na michezo ya karata. Kuanzia 1785 aliongoka, akashika dini kwa dhati na kuanza kujiuliza kiti chake cha ubunge kilikuwa na faida gani. Mnamo 1787, Pitt alimhimiza aibebe bungeni hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Wakati huo meli za Waingereza zilikuwa zikisafirisha makumi ya maelfu ya Waafrika kila mwaka kuvuka bahari ya Atlantiki, na miji ya Liverpool na Bristol ilineemeka kwa biashara hiyo.

Hakuwa peke yake. Thomas Clarkson alizunguka bandarini akiwahoji mabaharia na kukusanya pingu kama ushahidi. Naye Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na kujikomboa, alichapisha kitabu cha maisha yake mnamo 1789 na kukitangaza kote nchini.

Mei 12 mwaka huo, Wilberforce alitoa hotuba yake ya kwanza kuhusu suala hilo. Wapinzani hawakumjibu moja kwa moja, bali walitaka ushahidi zaidi usikizwe kwanza. Miaka miwili ikapotea. Alipoomba idhini ya kuwasilisha mswada mnamo Aprili 1791, wabunge 163 walimkataa na 88 wakamuunga mkono.

Mwaka uliofuata, bunge lilipokea malalamishi 519 ya wananchi dhidi ya biashara hiyo. Safari hii hoja ilipita kwa kura 230 dhidi ya 85, lakini ikiwa imetiwa sumu. Waziri Henry Dundas alikuwa ameongeza neno moja tu, kwamba biashara ikomeshwe hatua kwa hatua. Bunge la juu, lile la malodi, nalo likaanza kusikiza ushahidi upya, na hoja ikafia huko.

Mnamo 1793 Uingereza iliingia vitani na Ufaransa. Uasi wa watumwa katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, pia uliwatia hofu wenye mashamba. Aliyetetea watumwa sasa alishukiwa kuwa mchochezi. Wilberforce hakukoma. Mnamo 1796 mswada wake ulifika hatua ya kusomwa mara ya tatu, ukaanguka kwa kura 74 dhidi ya 70. Baadhi ya waliotarajiwa kumuunga mkono walikuwa wamekwenda kutazama opera usiku huo. Alishindwa tena 1797, 1798 na 1799. Mnamo 1804 alishinda katika bunge la chini, lakini muda wa kikao ukayoyoma kabla ya malodi kuamua. Mwaka uliofuata alishindwa kwa kura saba.

Ndipo wenzake wakabadili mbinu. Wakili James Stephen alibuni mswada wa kuwazuia Waingereza kuuza watumwa katika makoloni ya kigeni, ukitetewa kama hatua ya vita. Wilberforce alinyamaza kimakusudi asiwagutushe wapinzani. Mswada ulipita mnamo 1806 na kukata sehemu kubwa ya biashara hiyo.

Pitt alikuwa amefariki Januari mwaka huo. Waziri Mkuu mpya, Lodi Grenville, aliuanzisha mswada mkuu katika bunge la malodi. Februari 23, 1807, bunge la chini liliuunga mkono kwa kura 283 dhidi ya 16. Wabunge walipomsifu, Wilberforce alibubujikwa na machozi. Mswada ulikuwa sheria Machi 25.

Hata hivyo, sheria hiyo ilizuia biashara, haikuwaachilia waliokuwa tayari utumwani. Wilberforce alistaafu 1825 na kumwachia Thomas Fowell Buxton kazi hiyo. Uasi mkubwa wa watumwa nchini Jamaica mwishoni mwa 1831 ulizidisha shinikizo. Julai 26, 1833, Wilberforce alipata habari kwamba mswada wa kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ulikuwa na uhakika wa kupita. Wilberforce alifariki siku tatu baadaye. Wenye watumwa walilipwa fidia ya pauni milioni 20. Watumwa wenyewe hawakupata chochote.

Pwani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, haikuguswa na sheria hizo. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mnamo 1873. Katika miaka iliyofuata, walioachiliwa walipewa makao Frere Town, karibu na Mombasa, na shirika la kimishenari la CMS, ambalo Wilberforce alikuwa mmoja wa waasisi wake mnamo 1799.

Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mnamo 1907. Ilikuwa miaka 100 tangu usiku ule wa machozi.