Goddard: Aliyechekwa kwa kusema roketi haihitaji hewa

MICHEZO ya kompyuta ya vita vya anga za juu huonyesha vyombo vikifukuzana huku vikiacha nyuma mkia mwembamba wa moto, kana kwamba vinapaa kutoka ardhini. Picha hizo hupendeza macho, lakini haziafiki hali halisi. Mahali pasipo hewa ya kuibana, gesi ya roketi hutanuka kama mwavuli uliofunguliwa, na mara nyingi mwali wake hufifia hata usionekane.

Kosa la kudhani kwamba kule juu mambo huenda kama hapa duniani ni la zamani, na lilimtesa Mmarekani Robert Hutchings Goddard karibu maisha yake yote.

Goddard alizaliwa Oktoba 5, 1882 mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Afya yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni. Mnamo Oktoba 19, 1899, akiwa na umri wa miaka 17, alipanda mcheri ili apogoe matawi, akazama katika mawazo ya chombo kitakachofika sayari ya Mirihi. Siku hiyo aliiadhimisha kila mwaka.

Mwaka wa 1913 aliugua kifua kikuu, na madaktari wakakata tamaa. Alipona, na mwaka uliofuata akapata hataza mbili, moja ya roketi yenye hatua kadhaa na nyingine ya roketi itumiayo mafuta ya majimaji.

Enzi hizo wengi waliamini kwamba roketi husukuma hewa iliyo nyuma yake, kama kasia lisukumavyo maji. Akifundisha katika Chuo Kikuu cha Clark, Goddard aliwasha roketi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Nguvu yake haikupungua, bali iliongezeka. Gesi itokapo kwa kasi upande mmoja, roketi husukumwa upande wa pili, kulingana na kanuni ya Newton. Hewa ni kizuizi tu.

Ripoti yake ilipotangazwa na taasisi ya Smithsonian mnamo Januari 1920, gazeti la New York Times lilimkejeli katika tahariri, likidai kwamba hajui hata fizikia ya shuleni. Goddard aliumia moyoni. Tangu hapo aliwaepuka wanahabari na kufanya kazi zake kwa siri.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Machi 16, 1926, katika shamba la jamaa yake huko Auburn, alirusha roketi ya kwanza duniani kutumia mafuta ya majimaji, yaani petroli na oksijeni iliyogandamizwa kwa baridi kali hadi ikawa majimaji. Iliruka kwa sekunde mbili na nusu, ikafika mita 12 hivi juu, kisha ikaanguka katika shamba la kabeji. Kuanzia 1930, kwa ufadhili wa familia ya Guggenheim, aliendeleza majaribio karibu na Roswell, New Mexico.

Saratani ya koo ilimuua Agosti 10, 1945 mjini Baltimore. Hataza zake zilifikia 214, nyingi zikiwa zimetolewa baada ya kifo chake. Mnamo 1960 serikali ya Marekani ililipa dola milioni moja kwa kutumia uvumbuzi wake.

Julai 17, 1969, wanaanga wa Apollo 11 wakiwa njiani kuelekea mwezini, New York Times lilikiri kosa lake. Goddard alikuwa ameaga dunia miaka 24 kabla.

Jina lake lilifika hata kwetu. Kituo cha Goddard, kilichoanzishwa 1959, ndicho kilichosimamia mradi wa setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Setilaiti hiyo ilifanya kazi yake mahali pale pale pasipo hewa, ambapo wakosoaji wa Goddard walidai roketi haiwezi kusonga.