Friedrich III: Kaisari aliyetawala siku 99 bila sauti

NI watawala wachache waliongojea zamu yao kwa muda mrefu kama Friedrich III wa Ujerumani, na ni wachache zaidi walioipata wakati kifo kimekwisha kubisha hodi.

Alizaliwa Potsdam, Oktoba 18, 1831. Mwaka 1858 alimwoa Victoria, binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza. Aliongoza majeshi katika vita dhidi ya Austria mwaka 1866 na Ufaransa mwaka 1870, akarudi na sifa nyingi, ingawa mwenyewe hakuvipenda vita. Waliotaka bunge lenye nguvu zaidi nchini humo waliweka matumaini yao kwake.

Januari 1887 sauti yake ilianza kukauka. Machi mwaka huo, Profesa Gerhardt wa Berlin aliona kinundu kwenye uzi sauti wa kushoto. Alikichoma kwa waya wa moto mara kadhaa, lakini kikaota tena.

Mei, daktari bingwa wa upasuaji, Ernst von Bergmann, alishauri koo lipasuliwe. Matayarisho yakiwa yamepamba moto, aliwasili kutoka London bingwa wa magonjwa ya koo, Morell Mackenzie, aliyetaka ushahidi kwanza.

Mackenzie alikata kipande kidogo cha kinundu hicho, kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, msomi aliyeufundisha ulimwengu kwamba ugonjwa huanzia kwenye seli. Virchow alikitazama kwa hadubini, asione saratani. Upasuaji ukaahirishwa.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Kipande kilichokatwa hutoa jibu juu ya kile kilichomo ndani yake tu. Hakiwezi kusema lolote juu ya nyama iliyobaki kooni.

Novemba 1887, mgonjwa akiwa San Remo, Italia, uvimbe mpya ulijitokeza na madaktari wakakubaliana kwamba ni saratani. Februari 9, 1888, alitobolewa tundu shingoni na kutiwa mrija wa kupumulia.

Mwezi mmoja baadaye, Machi 9, baba yake, Wilhelm I, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 90. Friedrich akawa Kaisari asiyeweza kutamka neno, akiwasiliana na mawaziri wake kwa kuandika kwenye karatasi. Alifariki Juni 15, akiwa na umri wa miaka 56. Uchunguzi wa maiti ulithibitisha saratani ya zoloto.

Madaktari walianza kutupiana lawama hata kabla kaburi halijakauka. Hata hivyo, upasuaji wa kuondoa zoloto, uliofanywa kwanza na Theodor Billroth mjini Vienna mwaka 1873, ulikuwa ukiua wagonjwa wengi siku zile. Hakuna awezaye kuapa kwamba kisu kingemwokoa.

Leo hadubini bado ipo, ila seli huulizwa maswali mengi zaidi. Katika saratani ya eneo la tonsili na shina la ulimi, wataalamu hutafuta protini iitwayo p16. Ikionekana kwa wingi, mara nyingi huashiria kwamba chanzo ni virusi vya HPV, na wagonjwa hao kwa kawaida huwa na matumaini makubwa zaidi ya kupona kuliko wale ambao saratani yao imetokana na tumbaku.

Kwenye zoloto, alikougua Friedrich, alama hiyo haina uzito huo. Huko daktari hupima zaidi ukubwa wa uvimbe na iwapo umefika kwenye tezi za shingo. Alama nyingine, PD-L1, husaidia kujua ni mgonjwa yupi aliyezidiwa anayeweza kunufaika na dawa za kuamsha kinga ya mwili.

Pamoja na hayo yote, kipimo cha kisasa kabisa hakitafaa kitu iwapo kipande kilichokatwa hakikuugusa uvimbe wenyewe.

Kiti kilimwangukia mwanawe, Wilhelm II, aliyekuwa na miaka 29. Huyo ndiye Kaisari ambaye majeshi yake yalizima Vita vya Maji Maji, na aliyetawala hadi mwaka 1918.

Kwa msomaji wa leo, funzo ni dogo lakini zito: sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu bila kurejea si ya kutibiwa kwa tangawizi pekee. Ipelekwe kwa daktari, na koo litazamwe mapema.