Abu Hanifa: Imam aliyekuwa na duka

IJUMAA moja baada ya swala alinifuata kijana mmoja msomi, mkononi ameshika bahasha ya kaki yenye vyeti vyake. Baada ya salamu akaniomba nimwelekeze kwa taasisi yoyote ya Kiislamu inayotoa mitaji. Nikamuuliza anataka kufanya biashara gani. Akanijibu kwamba hilo atalijua akishapata mtaji.

Sikumcheka. Jibu lake ndilo jibu letu sote. Neno ujasiriamali lilituingia kwa kishindo miaka ya 2000, kila kona ikawa na semina. Tulifundishwa kutengeneza sabuni, kuchovya batiki, kufuga kuku na kuandika mchanganuo wa biashara. Mimi mwenyewe nimehudhuria kadhaa na vyeti ninavyo. Mafunzo yale hayakuwa mabaya. Lakini wengi wetu tuliondoka na fikra moja tu: kwamba ujasiriamali ni pesa, na pesa hutoka kwa mtu mwingine. Ama benki yenye riba, ama mfadhili wa Uarabuni, ama mheshimiwa anayepita msimu wa uchaguzi.

Ndugu msomaji, mifano ya Mama Khadija (r.a.) na Abdurrahman bin Auf (r.a.) tumeizoea mimbarini, na ni mifano mitukufu. Leo napenda nimchukue mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa fiqhi lakini hatumjui kwa biashara. Naye ni Imam Abu Hanifa. Sisi wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Shafii, na jina la Hanafi tumelizoea zaidi kwa ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi. Hivyo maisha ya Imam huyu hayasomwi sana kwetu. Ni hasara, kwa sababu yule bwana alikuwa na duka.

Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa mwaka 80 Hijria, sawa na 699 Miladia, katika mji wa Al-Kufa nchini Iraq, katika familia yenye asili ya Uajemi. Hakuwa Mwarabu wa ukoo mkubwa na hakuwa na mjomba serikalini. Al-Kufa ilianzishwa zama za Khalifa Umar (r.a.) kama kambi ya jeshi, na kufikia wakati wake ulikuwa mji mkubwa wenye masoko, wanazuoni na siasa kali. Familia yake ilikuwa ya wafanyabiashara, naye akakulia sokoni. Bidhaa yake ilikuwa kitambaa kiitwacho khazz, kilichofumwa kwa hariri na sufi. Wanahistoria wanataja kwamba duka lake lilijulikana mjini, na kwamba alikuwa na nyumba ya kufumia kitambaa hicho yenye mafundi na vibarua wake. Kwa maneno mengine hakuwa mchuuzi tu. Alikuwa na uzalishaji, alikuwa na duka na alikuwa na washirika waliopeleka mali yake miji mingine.

Inasimuliwa kwamba siku moja, akiwa bado kijana, alipita mbele ya mwanachuoni mkubwa Imam Shaabi. Shaabi akamuuliza anakwenda kwa nani. Akataja jina la mtu wa sokoni. Shaabi akamwambia kwamba hakuulizia soko, aliulizia wanazuoni, na akamhimiza asome kwani ameona ndani yake akili na uchangamfu. Maneno yale yalimwingia. Akaingia katika elimu, hatimaye akakaa kwa Hammad bin Abi Sulayman miaka 18, hadi Hammad alipofariki mwaka 120 Hijria. Wakati huo Abu Hanifa alikuwa na umri wa miaka 40, na yeye ndiye aliyekalia nafasi ya mwalimu wake.

Hapa ndipo pa kuzingatia. Kijana yule hakufunga duka. Alimweka mshirika na wafanyakazi, akaendelea kusimamia hesabu, huku muda wake mwingi ukienda katika elimu. Kwetu sisi mtu akiingia katika dini tunatarajia aache dunia na sisi tumlishe, kisha tunamsema kwa kile kile tunachomlisha. Na mtu akiingia katika biashara tunatarajia aiache darsa. Abu Hanifa hakuona ugomvi baina ya viwili hivi. Soko lilimpa darsa maswali, na darsa lilimpa soko mipaka. Wanaochambua fiqhi yake wanasema kwamba katika milango ya biashara, kama vile salam, ambapo bei hutangulizwa na mali huja baadaye, na murabaha, ambapo muuzaji hutaja gharama na faida yake, alizungumza kama mtu aliyezishika bidhaa kwa mikono yake.

Sasa tuingie dukani kwake tuone alivyouza.

Alikuja mwanamke na nguo ya hariri akitaka kumuuzia. Imam akamuuliza bei, akataja dirham 100. Imam akamwambia thamani yake inazidi hapo. Akaongeza mia, akaambiwa bado. Akaendelea hadi 400, akaambiwa bado, akadhani anachezewa. Imam akamtaka alete mtu wa kuithamini. Mtu akaja, na Imam akainunua nguo ile kwa dirham 500. Kwa lugha yetu ya mjini, mama yule alikuwa amejileta mwenyewe. Wangapi katika sisi tungemwacha aondoke na mia yake, kisha tukasimulia barazani jinsi tulivyompata?

Siku nyingine alikuja mwanamke mzee, akamwomba amuuzie nguo kwa bei aliyonunulia, kwa kuwa yeye ni dhaifu. Imam akamwambia atoe dirham nne. Mama akamlalamikia kwamba anamdhihaki na utu uzima wake. Imam akamweleza kwamba alinunua nguo mbili kwa pamoja, akauza moja kwa fedha iliyorudisha mtaji wote isipokuwa dirham nne. Kwa hiyo nguo iliyobaki inamsimamia dirham nne tu. Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha huruma, nacho ni cha huruma kweli. Lakini mimi nakiona pia ni kisa cha daftari. Imam yule alijua kila nguo ndani ya duka lake inamsimamia kiasi gani. Wenye maduka wangapi leo wanajua hilo? Tunachota kwenye droo nauli, tunachota mchango wa harusi, tunachota pesa ya mboga, mwisho wa mwaka tunasema biashara imelogwa.

Kisa cha tatu ndicho kinachonisumbua mimi binafsi. Mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman, alipelekewa mzigo wa nguo akauze. Katika mzigo ule kulikuwa na nguo moja yenye kasoro, na Imam alimwagiza amweleze mnunuzi kasoro hiyo. Hafs aliuza mzigo wote akasahau kueleza, na aliyeinunua hakujulikana tena. Imam alipopata habari aliitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Hakutoa thamani ya ile nguo moja, alitoa ya mzigo wote.

Kwa nini kinanisumbua? Kwa sababu miaka ya nyuma niliwahi kuuza khanga. Ndani ya robota moja ilitokea doti ambayo chapa yake ilipishana upande mmoja. Niliikunja, upande wenye kasoro nikauweka ndani, nikamuuzia mama mmoja aliyekuwa na haraka. Hakurudi kulalamika, na hakurudi tena kununua. Pesa ile sikumbuki niliifanyia nini. Sura ya yule mama naikumbuka hadi leo. Biashara ile ilikufa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikisema imekufa kwa kukosa mtaji. Leo naona kwamba mtaji wangu wa kwanza niliukunjia ndani ya doti ile.

Mtaji wa Abu Hanifa ulikuwa kuaminika. Watu wa Al-Kufa walimwekea amana zao, na alipofariki amana nyingi zilikutwa kwake. Mtu anayeaminiwa na watu mali zao hahangaiki kutafuta mshirika wala hakosi mali kauli. Anapewa mzigo, anauza, anarejesha. Hiki ndicho ambacho hakuna semina iwezayo kukupa cheti chake.

Je, faida aliifanyia nini? Inasimuliwa kwamba alikuwa akikusanya faida ya mwaka na mwaka, akiwanunulia wanazuoni na wanafunzi chakula, nguo na mahitaji yao, kisha akiwagawia fedha iliyobaki, huku akiwataka wamshukuru Allah (s.w.) peke yake, kwani ile ni fadhila ya Allah aliyoipitisha mikononi mwake. Miongoni mwa walionufaika ni Abu Yusuf, kijana wa familia maskini. Mzazi wake alimkataza kukaa na Abu Hanifa akisema yule ni mtu mwenye uwezo, nawe unahitaji kutafuta riziki. Abu Hanifa alipomkosa darsani akamuulizia, akajua sababu, akampa mfuko wenye dirham 100. Zilipoisha akampa nyingine, na akaendelea hivyo bila kijana kuomba. Kijana yule baadaye akawa Kadhi Mkuu wa dola katika zama za Harun Rashid na akaandika Kitabul Kharaj kuhusu mapato ya serikali. Faida ya duka la vitambaa ilimsomesha mtu aliyewafundisha makhalifa namna ya kukusanya kodi kwa haki.

Lakini liko jambo kubwa kuliko yote haya. Imepokewa kwamba kwa zaidi ya miaka 40 Abu Hanifa hakubakisha kwake zaidi ya dirham 4,000. Kilichozidi alikitoa. Na alieleza kwamba lau si kuogopa kuja kuwahitaji watawala, hata hizo asingezibakisha. Zingatia hapo, ndugu yangu. Alibakisha fedha ili asimwinamie mtu. Kwake yeye duka lilikuwa ngome.

Na ngome ile ilijaribiwa. Mwishoni mwa utawala wa Bani Umayya, gavana wa Iraq, Ibn Hubayra, alimtaka ashike wadhifa serikalini. Akakataa. Akapigwa mijeledi, naye akazidi kukataa, kisha akahamia Makka hadi dola ile ilipoanguka. Wakaja Bani Abbas. Khalifa Al-Mansur akajenga Baghdad, akamtaka awe kadhi. Akakataa tena. Alipelekewa zawadi ya dirham 10,000, hakuigusa kwa matumizi yake. Akatiwa gerezani, na mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia, akafariki. Ni mwaka ule ule aliozaliwa Imam Shafii. Eneo la Baghdad alikozikwa hadi leo linaitwa Al-A'dhamiya, kwa jina lake la heshima, Imamul A'dham.

Sisemi kwamba kufanya kazi ya serikali ni haramu. Abu Yusuf, mwanafunzi wake, aliifanya na umma ukanufaika. Ninachosema ni kwamba Abu Hanifa aliweza kusema hapana kwa sababu chakula cha nyumbani kwake hakikutoka ikulu. Hapana ya mtu mwenye njaa ni ngumu sana kutoka mdomoni.

Hebu sasa tujitazame. Madrasa zetu zinaendeshwa kwa bakuli. Ustadhi analipwa kinachopatikana, na kisipopatikana analipwa dua. Msikiti ukivuja tunaandika barua kwa mfadhili, mfadhili asipojibu tunaandika nyingine. Msimu wa uchaguzi ukifika tunapokea mazulia na bahasha, kisha tunashangaa kwa nini sauti yetu haisikiki katika mambo yetu ya msingi. Nani atamsikiliza mtu ambaye jana alipokea bahasha? Tunalalamika, na malalamiko mengine ni ya haki kabisa. Lakini malalamiko bila duka hayafiki mbali.

Kwa hiyo ujasiriamali wa Muislamu si kutajirika tu, wala si kuwa na jina kubwa mjini. Ni kuwa na kitu chako cha halali, unachokijua hesabu zake, kilichojengwa juu ya kuaminika kwako, ili usije ukauza dini yako kwa shida ya tumbo. Abu Hanifa alianza na alichokijua, kitambaa. Sisi tuanze na tunachokijua. Anayejua kushona ashone. Anayejua kompyuta awasaidie wenye maduka kuweka hesabu. Kamati ya msikiti wenye kiwanja cha mbele ijenge fremu mbili za maduka, kodi yake ilipe walimu. Na mwenye faida amtazame kijana mmoja tu anayekosekana darsani, amuulizie kama Abu Yusuf alivyouliziwa.

Yule kijana wa Ijumaa sikumpa jina la taasisi. Nilimuuliza nani mtaani kwao anaweza kumkabidhi mzigo leo jioni bila maandishi, akalala usingizi. Alifikiri muda mrefu, kisha akasema labda mjomba wake mwenye duka la vifaa vya umeme. Nikamwambia aweke vyeti vyake nyumbani mahali pa salama, kisha kesho asubuhi aende kwa mjomba.

Allah (s.w.) atujaalie riziki ya halali na nyuso zisizoinama ila kwake. Wabillahi tawfiq.