Maisha na Kifo cha Mwenye Heri Anuarite

Katika yubile hii ya parokia yetu, habari za matofali na mabati, za wale waliobeba mawe ya msingi na wale waliobatizwa wa kwanza, mmekwisha kuzisoma katika kurasa zingine. Mimi nimeombwa kueleza maisha ya Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu ya swali moja ambalo katekista huulizwa mara nyingi mahali pa kilio: je, katika nyakati zetu hizi mtu aweza bado kufa kwa heshima?

Wazee wetu walijua vizuri heshima ya kifo ni nini. Mtu afe nyumbani mwake, watoto wakimzunguka, atoe usia wake, aoshwe na watu wa jamaa, alaliwe matanga, azikwe kwa jina lake. Mji wetu wa Goma umeona mambo mengine. Mwezi wa Julai 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika kambi zilizo karibu nasi. Mwamba wa volkano ulikuwa mgumu, majembe yakashindwa, ikabidi mashini zipasue mawe, na maiti wakatiwa shimoni wengi kwa pamoja, bila sanduku na bila jina. Tena mwezi wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, jamaa nyingi zilizika watu wao kwa haraka, au hazikuwaona kabisa. Basi anayeuliza swali lile hatafuti mabishano ya wenye elimu. Mara nyingi ni mjane, naye anataka kujua kama mumewe alikufa kama mtu.

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, katika nchi ya Wabudu, upande wa kaskazini-mashariki wa Kongo. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta, maana yake utajiri hudanganya. Jina la Anuarite lilikuwa la dada yake. Alipopelekwa shuleni, sista aliyeandika majina aliyachanganya, na kosa la kalamu likadumu mpaka leo hii, hata juu ya altare. Baba yake, Amisi, alikuwa askari wa Bula Matari. Mama yake Isude alizaa wasichana tu, na kwa sababu hiyo mume alimwacha akaoa mwingine. Wengi wetu twajua nyumba za namna hiyo. Mtoto alibatizwa mwaka wa 1943 pamoja na mama yake, akaitwa Alphonsine.

Angali msichana alitamani utawa. Mama yake hakupenda kumpoteza mtoto aliyemtegemea. Siku moja kamio ilikuwa ikiwachukua wasichana kwenda Bafwabaka, kwenye nyumba ya Masista wa Jamaa Takatifu. Alphonsine akapanda kwa siri akajificha kati yao, na mama akatambua wakati mtoto alipokuwa mbali. Siwasifii vijana wetu mfano wa kuwatoroka wazazi. Nasema tu kwamba aliyefanya hivyo hakuwa mtu wa kusukumwa na wengine, na jambo hilo litatufaa kulikumbuka tutakapofika Isiro. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake, akapewa jina la Marie-Clémentine.

Juu ya miaka iliyofuata hakuna mengi ya kueleza. Alifundisha watoto, alipika, alitunza sakristia. Wenzake walimjua kuwa mwepesi wa kusaidia, lakini pia mwenye roho ya moto, asiyevumilia hata kidogo mwanaume aliyekuja kuwachezea masista. Sioni sababu ya kumpaka rangi awe mpole kupita alivyokuwa.

Mwaka wa 1964 uasi wa Simba ulienea. Tarehe 5 Agosti, siku Anuarite alipotimiza miaka mitano ya nadhiri, waasi waliteka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka mjini humo, na tarehe 26 wakashuka Paulis, mji ambao leo waitwa Isiro. Waliokoa Wazungu wengi, kisha wakarudi kwao. Wenyeji walibaki mikononi mwa Simba wenye hasira. Siku ileile ya 26, Askofu Joseph Wittebols wa Wamba aliuawa.

Siku tatu baadaye, tarehe 29, kamio ya waasi ilifika Bafwabaka. Masista wote waliamriwa kupanda, pamoja na wanovisi. Waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Lakini njiani safari ikageuzwa, wakapitia Ibambi, na jioni ya tarehe 30 wakafikishwa Isiro, katika nyumba ambayo watu waliiita Nyumba ya Buluu. Mmoja wa wakubwa wa Simba, Koloneli Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake, naye Koloneli Pierre Olombe akapewa kazi ya kumshawishi. Anuarite alikataa. Mama Mkubwa wa masista, Léontine Kasima, naye alikataa kumtoa, ingawa alitishwa sana. Usiku ulipoendelea Olombe alimtaka kwa ajili yake mwenyewe. Akamsukuma kuingia ndani ya motokari pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Wote wawili wakapinga, naye akawapiga kwa nguvu, hata Bokuma akavunjika mkono.

Katikati ya kupigwa huko Anuarite alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui anachokitenda. Walisikia masista wenzake, nao ndio walioshuhudia baadaye. Olombe akazidi kuwaka. Akawaita Simba wamchome kwa visu vya bunduki. Kisha yeye mwenyewe akampiga risasi kifuani. Masista walimbeba ndani ya nyumba wakakaa karibu naye, naye akakata roho yapata saa saba za usiku, tarehe 1 Desemba. Hakuwa amefikisha miaka 25.

Tukipima kwa kipimo cha wazee wetu, ni kifo kisicho na heshima hata moja. Alikufa ugenini, kwa mkono wa mlevi wa madaraka, mama yake hayupo, kisha akatiwa katika kaburi la shirika pamoja na wafu wengine. Wauaji walimnyima vyote walivyoweza kumnyima. Lakini mambo mawili hawakuyafikia: neno lake la kukataa, na neno lake la kusamehe. Hayo yalikaa mahali pasipoingia bunduki.

Hapa sherti niseme jambo ambalo katekista wa Kivu hana ruhusa ya kulinyamazia. Wako wanaomtaja Anuarite kana kwamba heshima yake ilikuwa katika mwili usioguswa tu, na kwa hiyo mama au binti aliyebakwa, akabaki hai, amepoteza heshima yake. Hilo si fundisho la Kanisa. Mji wa Roma ulipotekwa mwaka wa 410, wanawake wengi wakristu walitendewa jeuri, na wapagani wakawacheka. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, aliwatetea: usafi ni jambo la nia, na ubaya wa mwingine uliofanywa kwa nguvu haumchafui yule asiyeukubali. Sista Bokuma alivunjwa mkono akaishi; hakuna anayethubutu kusema kwamba heshima yake ilikuwa ndogo kwa sababu hakufa. Anayelitumia jina la Anuarite kuwaaibisha wanawake wetu, anamtukana Anuarite pia.

Najua pia neno ambalo mjane atanijibu. Anuarite alipata nafasi ya kuchagua. Bomu linaloanguka juu ya nyumba watu wakiwa usingizini halimwulizi mtu lolote. Ni kweli. Wafu hao hatuwaiti mashahidi kwa sababu hiyo tu. Lakini mtu huchagua siku nyingi kabla ya siku yake ya mwisho. Goma yetu ina ushuhuda wa karibu: Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa hapa mwaka wa 1981, alikuwa mtumishi wa ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite kuuzwa kwa watu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa, umri wake miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Mtu hajifunzi kukataa siku ile anapotekwa. Floribert alikuwa amejifunza mezani pa kazi, karatasi baada ya karatasi.

Anuarite alitangazwa Mwenye Heri na Papa Yohane Paulo wa Pili, tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa. Alikuwa binti wa kwanza wa nchi yetu kupewa sifa hiyo. Olombe alikuwa angali hai, na siku hiyo Papa, mbele ya umati mkubwa, alimsamehe kwa jina la Kanisa lote. Wengine walinung'unika, na manung'uniko yao nayaelewa. Hata hivyo Papa hakuanzisha jambo jipya. Aliyeuawa alikuwa amekwisha kusamehe zaidi ya miaka 20 kabla yake.

Miezi minane baada ya kifo chake, kaburi lile la shirika lilifunguliwa. Maiti walikuwa wengi, na sura hazikutambulikana tena. Walimjua Anuarite kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria, ambayo alikuwa ameichukua nguoni siku waliyotolewa Bafwabaka. Wakamzika upya, kwa jina lake, na leo amelala katika kanisa kuu la Isiro.