Alexander Fleming: Tabibu aliyeng'amua siri ya kuvu

MNAMO Septemba 1928, Alexander Fleming alirejea kutoka likizoni na kuanza kukagua visahani vya kioo alivyokuwa ameviacha katika maabara yake kwenye hospitali ya St Mary's, jijini London. Visahani hivyo vilitiwa agari, mgando utokanao na mwani, ambao hutumiwa kuoteshea bakteria.

Kisahani kimoja kilikuwa kimeingiwa na kuvu. Wengi wangalikiosha bila kukitazama mara ya pili. Fleming aligundua kuwa kandokando ya kuvu hiyo bakteria walikuwa wameangamia, ilhali mbali nayo walizidi kustawi.

Mtafiti huyo alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield karibu na mji wa Darvel, Scotland. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki Fleming akiwa na umri wa miaka saba. Alihamia London akiwa kijana na kufanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli, hadi urithi aliouachiwa na jamaa yake ulipomwezesha kujiunga na chuo cha udaktari cha St Mary's mwaka wa 1901. Alihitimu mwaka wa 1906 na kubaki hapo kama mtafiti chini ya Almroth Wright.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Fleming alihudumu Boulogne, Ufaransa, ambako alishuhudia askari wengi wakifa kutokana na vidonda vilivyooza. Alithibitisha kuwa dawa kali zilizomiminwa vidondani ziliua chembechembe nyeupe za damu bila kuvifikia viini vilivyojificha ndani. Tangu hapo swali lililomkabili lilikuwa moja: je, kuna kitu kinachoweza kuua viini bila kumdhuru mgonjwa?

Mnamo 1921, alipokuwa na mafua, alitia kamasi zake katika kisahani cha bakteria, nao wakayeyuka. Hivyo ndivyo alivyogundua lisozimu, kinga iliyomo pia katika machozi na mate. Hata hivyo, lisozimu haikufua dafu mbele ya viini vingi hatari.

Kuvu ya mwaka wa 1928 ilikuwa na nguvu zaidi. Majimaji yake yalipenya polepole ndani ya agari na kuzuia bakteria kuongezeka, na kadiri yalivyosambaa ndivyo nguvu zake zilivyopungua. Ndiyo sababu ya ule mduara mtupu. Fleming alichimba mfereji katika agari, akautia majimaji hayo, kisha akapanda viini mbalimbali kuuelekea. Viini vya dondakoo na vya majipu vilikoma kabla ya kuufikia. Vile vya homa ya matumbo havikujali. Aliyaita majimaji hayo penisilini na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1929.

Lakini hakufaulu kuisafisha dawa hiyo. Kazi hiyo ilitekelezwa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Mnamo Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane viini hatari; wanne ambao hawakutibiwa walikufa, ilhali wanne waliotibiwa walikuwa bado hai. Mwaka uliofuata, polisi mmoja aliyekuwa mahututi alianza kupata nafuu, ila dawa ikaisha kabla hajapona, naye akafa.

Fleming, Florey na Chain walituzwa Nobeli kwa pamoja mwaka wa 1945. Katika hotuba yake ya kuipokea tuzo, Fleming alitahadharisha kuwa kutumia penisilini kwa kipimo kidogo mno kungevifunza viini kuistahimili. Aliaga dunia Machi 11, 1955, kwa maradhi ya moyo, na kuzikwa katika kanisa kuu la St Paul's.

Onyo lake limetimia. Hata leo, wataalamu wa maabara huweka vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa juu ya agari na kupima upana wa mduara ili kujua dawa ipi itamfaa mgonjwa. Kila mara mduara huo unapokosa kuonekana, tabibu hupungukiwa na silaha moja. Anayeacha kumeza vidonge kabla ya muda alioagizwa na daktari, au anayejinunulia dawa bila kupimwa, huchangia kuufuta.