Wasifu wa Édouard Michelin (1859–1940)

Mwanafunzi, basi unalopanda kwenda shuleni linabebwa na hewa iliyofungwa ndani ya mpira. Miongoni mwa waliofanikisha jambo hilo ni Mfaransa Édouard Michelin.

Alizaliwa Paris mwaka 1859. Hakusomea ufundi, bali uchoraji; mhandisi alikuwa kaka yake, André. Hata hivyo, kiwanda cha familia cha bidhaa za mpira, mjini Clermont-Ferrand, kilikuwa kinakaribia kufungwa. Mwaka 1889 Édouard aliacha brashi zake akaenda kukisimamia.

Inasimuliwa kwamba siku moja mwendesha baiskeli alifika kiwandani akiwa na pancha. Tairi lake la upepo, la aina iliyobuniwa na Dunlop mwaka 1888, lilikuwa limegandishwa kwenye rimu kwa gundi. Kuliziba kulichukua saa kadhaa, na gundi ilihitaji usiku mzima kukauka. Édouard akagundua kwamba tairi hilo ni zuri, ila lazima livulike kwa urahisi. Mwaka 1891 alipata hataza ya tairi la kuvua na kuvisha. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mbio za baiskeli za Paris–Brest–Paris.

Likabaki swali gumu: je, hewa inaweza kubeba motokaa? Wengi hawakuamini. Mwaka 1895 ndugu hao walitengeneza motokaa yao, l'Éclair, wakaiendesha wenyewe katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris, karibu kilomita 1,200. Walipata pancha nyingi njiani. Émile Levassor, aliyefika wa kwanza, alitumia matairi ya mpira mgumu. Lakini l'Éclair ilirudi Paris, na watu wakaona kwamba jambo hilo linawezekana. Miaka michache baadaye tairi la upepo likawa la kawaida kwenye motokaa.

Mwaka 1900 ndugu hao walianza kutoa kitabu cha mwongozo kwa madereva. Uzeeni, Édouard alipatwa na misiba. André alifariki mwaka 1931. Mwanawe Étienne alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1932, na Pierre katika ajali ya motokaa mwaka 1937. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1940.

Zingatia: unapoandika wasifu, usitaje ushindi tu. Eleza pia mahali mhusika aliposhindwa na alichojifunza hapo. Kwa Michelin, mahali hapo ni barabara ya Bordeaux.