Myles Turner, mhifadhi aliyepambana na majangili Serengeti

Myles Turner, aliyewahi kuwa mwindaji wa kulipwa nchini Kenya, ndiye aliyeongoza vita dhidi ya ujangili katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuanzia mwaka 1956.

Kwa miaka 16, yeye na askari wake walifanya doria, wakategua mitego ya nyaya na kukamata majangili, hasa upande wa magharibi. Wengi walisaka nyama ya nyumbu, lakini waya hauchagui: hunasa hata simba.

Turner aliondoka Serengeti mwaka 1972 na kufariki dunia mwaka 1984. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1987. Mitego aliyoipiga vita ingali ikiteguliwa na askari wa hifadhi hadi leo.